Mguu wa Kushoto Ndani ya Buti

Muuguzi wa kliniki ya damu ameniomba niandike yaliyonipata, ili mtu anayeanza dawa leo, na moyo umeingia baridi, asome habari za mtu aliyewahi kukaa kwenye benchi hilohilo. Nimekubali. Ila nilimwambia mapema kwamba siwezi kueleza ugonjwa wangu bila kumtaja Ombati, na siwezi kumtaja Ombati bila wivu. Akasema niandike vyote. Basi hivi hapa vyote.

Naitwa Makori. Kwangu ni karibu na soko la Ekerenyo. Jeshini nilikuwa sajini wa mawasiliano. Kazi yangu ilikuwa redio na nyaya, baadaye kompyuta. Nilipostaafu watu walitarajia ninunue ng'ombe wa maziwa au pikipiki za boda boda kama wastaafu wengine. Mimi nikajifunza kutengeneza tovuti. Nilijifunza kwa video na kwa kukosea, mpaka nikaweza kumjengea mtu tovuti yake toka mwanzo hadi mwisho. Sikuajiriwa na yeyote. Wateja wangu walikuwa shule, makanisa, hoteli ndogo za Nyamira na maduka ya Kisii mjini, na nilijiona mtu aliyefika.

Sasa, kwetu mwanamume anayeshinda nyumbani mchana anahesabiwa hana kazi. Jirani akikukuta umekaa na laptopu anakuuliza kama uko likizo. Swali hilo nililichukia. Kwa hiyo kila asubuhi nilinyoa ndevu, nikavaa shati lililopigwa pasi, nikavaa mabuti yangu ya jeshi na kuyakaza kamba mpaka juu, kisha nikatoka mlango wa mbele, nikazunguka jiko, nikaingia stoo. Stoo ndiyo ilikuwa ofisi. Mke wangu Kwamboka aliniaga mlangoni kana kwamba naenda Nairobi, nami nikamwambia tutaonana jioni, ingawa saa nne alikuwa ananiletea chai.

Humo stoo nilikaa kwenye kona moja tu, na kuna sababu. Kijana wangu Omwenga, anayefanya kazi Eldoret, alijenga nyumba yake hapa bomani, na kile kisanduku cha intaneti akakiweka sebuleni kwake, anakoishi mkewe, Moraa. Mgusii hahitaji kuelezwa, lakini kwa wengine: sisi tuna chinsoni, yaani heshima na haya kati ya mzazi na watoto wake wakubwa. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Intaneti hiyo nilisaidia kuileta, lakini kuifuata ndani sikuweza. Ilinifikia stoo kwenye kona ya nyuma, penye magunia ya mbolea ya chai. Nikabana kiti kati ya ukuta na magunia, miguu nikaikunja chini ya kiti, nikafanya kazi. Ili niinuke ilibidi kwanza nisukume gunia. Kwa hiyo sikuinuka.

Sasa nije kwa Ombati. Jeshini alikuwa koplo chini yangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kuunga waya, na aliponiita afande nilimwona anamaanisha. Alistaafu baada yangu, akaja kunitembelea, akaniona na kazi yangu, akauliza inafanywaje. Nikamwonyesha. Alikuwa anakaa juu ya gunia la mbolea pembeni yangu, anakula ugali wa mke wangu, anauliza, anaandika, anaondoka. Haikuchukua muda, nikasikia amefungua ofisi ghorofani Kisii mjini, jina lake kwenye kioo, na gari jeupe limeegeshwa chini. Na mimi sikuwa afande tena. Nilikuwa "mzee wangu".

Kilichonimaliza ni duka la Mzee Kirit. Mzee Kirit anauza vifaa vya ujenzi mjini, na familia yake imekuwa kwenye duka lile tangu enzi za babu yake. Tovuti yake ya kwanza niliijenga mimi, na niliijenga kama kambi: lango moja, na kila anayeingia ajiandikishe jina, simu na anakotoka kabla hajaona kitu chochote. Kwangu huo ulikuwa usalama. Mzee alinivumilia, halafu siku moja akaniita, akaniagizia chai, akasema kwa upole, "Sajini, kazi yako ni imara. Lakini mtu anataka kujua bei ya mabati tu. Kijiji chake unamuuliza cha nini?" Kazi ikaenda kwa Ombati. Tovuti ya Ombati haikuwa na lango. Unaingia, unaona bei, unatoka.

Hapo wivu ukanishika vizuri. Niliacha hata kutafuta wateja. Nilifungua tovuti za Ombati asubuhi, nikazichungulia kwa ndani jinsi alivyozipanga, nikitafuta kosa lake. Akibadilisha picha nilijua. Akipata mteja mpya nilijua kabla mkewe hajajua. Nikiwa askari nilisifiwa kwa kutoacha lindo, na sasa nilikuwa nalinda mali ya mtu mwingine, bila kutumwa, nikiwa nimekunja miguu nyuma ya magunia. Chakula nililetewa palepale. Hata haja ndogo niliibana.

Maumivu yalianzia kwenye shavu la mguu wa kushoto, nyuma, chini ya goti. Nilidhani msuli umekaza. Nilimwambia Kwamboka anichue kwa ile dawa yenye ukali, akanichua jioni kwa mikono yake yote, na mimi nikauma meno. Baadaye daktari aliposikia habari hiyo alivua miwani na kunitazama kwa muda. Nawaambia mapema: mguu mmoja ukikuuma na kuvimba bila sababu unayoijua, usiruhusu mtu auchue.

Ulianza kuvimba. Jioni buti la kushoto lilikataa kutoka, na likitoka, alama za kamba zilibaki kwenye ngozi. Ngozi yenyewe ilikuwa inang'aa, ina joto, rangi imegeuka kama zambarau. Nikibonyeza kidole, kishimo kinabaki pale. Lakini kulipokucha nilijivika buti tena na kuivuta kamba kwa nguvu zaidi, kwa maana mguu ukibanwa nilihisi umetulia. Nje mtu aliona askari mstaafu aliyevaa vizuri. Hakuna aliyejua kinachoendelea ndani ya lile buti isipokuwa mke wangu.

Yeye alisema, "Moraa ni muuguzi. Mwambie."

Nilimuuliza kama amesikia anachokisema. Wakati huo uvimbe ulikuwa umepita goti na kuingia pajani. Mke wa mwanangu atazame paja langu? Nilimwambia Kwamboka kwamba afadhali nife na heshima yangu. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, nikiwa mzima kidogo bado, na kifo kwangu lilikuwa neno tu.

Kulikuwa na sababu nyingine, na hiyo sikuisema. Wakulima wa chai wa upande wa Itumbe walikuwa wameunda kikundi chao, wanataka tovuti ya kuuzia majani ya chai wanayofungasha wenyewe. Walikuwa wameita watu wawili waje kujieleza, wachague mmoja. Wa kwanza ni mimi. Wa pili hamhitaji kuambiwa.

Kwamboka alinizunguka, akaenda kwa Moraa. Siku moja kabla ya Itumbe, mchana, nimekaa sebuleni kwangu, nikasikia hodi. Alikuwa Moraa, ametoka kazini; nilimwona dirishani akipita, bado na sare yake. Hakuingia. Alisimama barazani, mlango ukiwa umerudishwa, na tukaongea bila kuonana.

"Tata," akaniita, kama tunavyomwita baba kwetu, "kaa hapohapo. Mimi sitaingia. Mama ndiye atafanya."

Akamwagiza mama mkwe wake alete kamba ya katani. Kwamboka akachukua ile aliyokuwa akifungia mzigo wa majani ya ng'ombe. Moraa akasema aizungushie mguu wangu wa kulia chini ya goti, afunge fundo la alama pale kamba inapokutana, kisha apeleke kamba ileile mguu wa kushoto, mahali palepale. Nilipandisha suruali, nikatazama dari. Kamba ilizunguka mguu wa kulia, ikafungwa fundo. Ikahamia wa kushoto. Kwamboka aliivuta, akaivuta tena.

"Imekutana?" Moraa akauliza kule nje.

"Haijakutana."

"Imebakisha kiasi gani?"

"Vidole vyangu vinapita katikati."

Nilimsikia akivuta pumzi. Alipoongea tena hakuwa mke wa mwanangu, alikuwa muuguzi wa zamu. "Tata, hiyo inaweza kuwa damu imeganda ndani ya mshipa. Ikikatika ikapanda mapafuni inaua. Naomba twende hospitali leo."

Nikasema tutaenda nikitoka Itumbe. Akasema Itumbe haihami. Nikajibu kwamba hata Ombati hahami, na nikiacha nafasi ile yeye ndiye atakayeikalia. Nililisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Moraa hakubishana na baba mkwe wake. Hiyo nayo ni chinsoni. Alisema tu nisichuliwe tena na nisifunge buti, kisha nikasikia anaelekea jikoni, na sufuria zinagongana kuliko inavyohitajika.

Asubuhi nilifunga buti.

Boda boda ilinifikisha chini ya kilima, penye majani ya chai pande zote, na ukumbi wa wakulima uko juu. Kile kilima ningekipanda zamani nikiwa na redio mgongoni huku nasimulia hadithi. Siku hiyo nilisimama njiani mara kwa mara nikijifanya naangalia simu. Pumzi haikuwa inashuka mpaka chini, ilikuwa inaishia shingoni. Nilipofika juu, kitu cha kwanza kukiona ni gari jeupe. Ombati alitoka nje kunipokea, suti ya kijivu, viatu vinang'aa, akaniuliza kama nimechoka, akanipa kiti chake. Nilikataa kiti. Nilisema askari hachoki, nikaegemea ukuta.

Waliniita mimi kwanza kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Nilisimama mbele yao, kina mama waliotoka kuchuma na wazee wenye kofia, nikaanza kueleza. Sikufika mbali. Kila nilipovuta hewa kitu kilinichoma ubavuni upande wa kushoto. Jasho likanitoka baridi. Moyo ulikuwa unakimbia nami nimesimama. Nikakohoa kwenye kitambaa, nikakitazama, nikaona damu. Nakumbuka nilijaribu kukikunja kitambaa ili Ombati asione. Halafu meza ikanijia usoni.

Sauti niliyosikia kwanza ilisema, "Afande."

Miaka ilikuwa imepita tangu aniite hivyo. "Afande, nitazame mimi. Usilale." Alikuwa amepiga magoti na suti yake kwenye chai iliyomwagika. Aliishika kamba ya buti, ikakataa kufunguka, imekazwa mno. Akaomba kisu. Mkulima mmoja akampa kile cha kupogolea, na Ombati akaikata kamba toka juu hadi chini, akalivuta buti. Mguu ulipotoka, watu walisogea kuutazama. Mama mmoja alijifunika mdomo kwa kanga.

Walinibeba mpaka kwenye gari lake, na hapa nitasema ukweli wangu. Hewa nilikuwa naitafuta siioni, vidole vimekufa ganzi, nawaza kwamba ndiyo naondoka hivi. Na bado niliona kwamba viti vya gari lile ni vya ngozi. Niliona halirukiruki kwenye mashimo. Niliona amening'iniza kadi ya duka la Mzee Kirit kwenye kioo. Mtu anaweza kuwa anakufa na wivu wake ukawa mzima kabisa.

Alinifikisha hospitali moja ya Kisii mjini. Waliniwekea hewa puani, wakanitoboa, wakanipaka kitu baridi pajani na kupitisha mashine. Daktari alikuwa dada mdogo, sauti ya chini. Alisema damu iliganda kwenye mshipa mkubwa wa paja, kipande kikakatika, kikasafiri mpaka kwenye mapafu. Alisema kingekuwa kikubwa kidogo zaidi tusingekuwa tunaongea. Kisha akauliza kazi yangu, nikamwambia natengeneza tovuti. Akauliza huwa nainuka kwenye kiti mara ngapi. Kwamboka akajibu kwa niaba yangu kwamba mume wake huinuka akiitwa na kifo tu, halafu akasikia alilolisema, akaanza kulia.

Nilichomwa sindano tumboni, pembeni ya kitovu, asubuhi na jioni, mpaka tumbo likawa na madoa ya kijani na meusi. Nilikojoa kwenye chombo nikishikiliwa. Wasichana wa rika la mwanangu waliniosha lile paja nililolificha, na dunia haikuanguka. Moraa alikuja kila alipotoka zamu. Alisimama mlangoni mwa wodi mpaka nifunikwe shuka vizuri, ndipo akasogea na kumuuliza daktari maswali ambayo sikuyaelewa. Hakuniambia hata siku moja kwamba alinionya. Nilimsubiri aseme, hakusema.

Lakini moyo wangu haukuwa umelazwa. Kwamboka alimpikia Ombati ugali wa wimbi na kuku wa kienyeji, akampelekea ofisini kwake, hotipoti mbili, huku mimi nakunywa uji wa hospitali. Nilimuuliza mgonjwa ni nani. Akasema mgonjwa ni wewe, aliyekubeba ni yule, na kila mtu anakula chake.

Kitanda cha pili alikuwepo Mzee Ratemo, mfanyabiashara wa ndizi kutoka Nyakoe. Alivunjika nyonga, akalala nyumbani muda mrefu, naye damu ikamganda mguuni kama yangu. Tulikuwa na ugonjwa mmoja na dawa moja, lakini mguu wake ulipungua haraka. Kila asubuhi alifunua shuka akautazama na kutabasamu, nami natazama wake kabla ya kutazama wangu. Daktari alipotuambia tuanze kutembea, Ratemo alichukua magongo yake, akaenda mpaka dirishani na kurudi. Nikasema huyu hawezi kunishinda. Nikaenda mpaka mlangoni. Kesho yake akafika mlangoni. Nikaenda mpaka meza ya wauguzi, nikiwa nimeshika ukuta, jasho linanitiririka. Siku aliyofika kwenye ngazi na kurudi akipiga mluzi, chakula cha mchana nilikirudisha bila kukigusa. Siku iliyofuata na mimi nikazifikia ngazi. Muuguzi alituuliza kama wazee wenye akili wanashindana kutembea. Ratemo akasema hapana, na mimi nikasema hapana, na wote tulikuwa tunadanganya.

Daktari alishangaa jinsi nilivyopata nafuu. Sikumwambia dawa yangu nyingine ilikuwa inalala kitanda cha pili. Aliporuhusiwa kwenda nyumbani kabla yangu nilimpa mkono, nikamtakia heri, na nikageukia ukuta.

Ombati alikuja siku hiyohiyo. Alisimama miguuni pa kitanda akiuzungusha ufunguo wa gari kidoleni. Akasema, "Afande, wakulima wa Itumbe wamenipa kazi. Nilitaka uisikie kwangu mwenyewe." Akaongeza kwamba wanataka na kurasa za Ekegusii, lugha yetu, na yeye Ekegusii chake cha kuandika hakitoshi, kwa hiyo kama nitaweza, sehemu hiyo ni yangu.

Nilimwambia nitafikiria. Alipotoka nililia machozi, mtu mzima mimi, na hayakuwa ya shukrani. Nilikuwa hai kwa sababu yake na bado nilimchukia. Nililala na mambo hayo mawili kifuani, na kifua chenyewe kilikuwa hakijapona.

Nyumbani nilirudi na vidonge vya kuzuia damu kuganda na kadi ya kliniki. Kwenye kliniki wanapima damu yako wajue dawa ni nyingi au ni kidogo, na hapo sikosi. Watu wa huku nawaambia kuhusu mboga. Tulisikia kwamba mboga za kijani zinapigana na dawa hii, Kwamboka akaogopa, akaziondoa kabisa. Nilikaa nikimtazama akila chinsaga, ile mboga yetu chungu, kwa maziwa, na mimi nina wali mkavu. Muuguzi wa kliniki alipojua alicheka. Akasema kula mboga zako, ila usile kidogo leo na kesho ukajaza sahani; kiasi kiwe kilekile, na ukitaka kubadilisha tuambie. Basi chinsaga ikarudi mezani. Na dawa usiiache kwa sababu unajisikia vizuri. Ratemo aliiacha kidogo baada ya kurudi Nyakoe, wakamrudisha hospitali. Nilikwenda kumwona, na nakiri safari hiyo sikumwonea wivu.

Mabuti nilimpa fundi viatu wa Ekerenyo ayatumie ngozi. Sasa navaa soksi ndefu za kubana, kama za mchezaji wa mpira. Moraa aliita fundi, waya ukavutwa chini ya ardhi toka kwake mpaka kwangu, na intaneti ikaniingilia mlangoni bila chinsoni kuguswa. Kumbe muda wote huo waya ungeweza kuvutwa. Sehemu ya siku nafanya kazi nimesimama, laptopu iko juu ya meza ya kupigia pasi. Kila nikimaliza kipande cha kazi napiga doria boma zima: jiko, zizi, migomba, lango, narudi. Mwanzoni majirani waliniuliza ng'ombe gani amepotea. Siku hizi wananipungia mkono tu. Na tovuti ninazojenga hazina malango.

Kama na wewe kazi yako ni ya kukaa, iwe ni dereva, mshonaji, karani au mtu wa kompyuta kama mimi, inuka. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, tafuta kamba. Kama mwenye ujuzi ni mtu unayemwonea haya, mwache asimame nyuma ya mlango, mlango unatosha. Namshukuru Mungu, wauguzi, na daktari yule mwenye sauti ya chini. Namshukuru Kwamboka aliyenizunguka. Namshukuru Moraa, na jioni moja nikiwa sebuleni na yeye yuko barazani, nilimwambia hivyo, na akajibu, "Asante, Tata," na nikajua kwa sauti yake kwamba analia.

Ombati nimemwacha wa mwisho. Tulipofanya maombi ya shukrani hapa nyumbani, alikuja na mkewe. Alikaa kwenye kochi langu, akasema wiki nzima hakuinuka ofisini kwa ajili ya kazi ya Itumbe, na kwamba mguu wake wa kulia unawaka moto. Alisema kimchezo. Mimi sikucheka. Kilichonishika hakikuwa wivu, kilikuwa hofu.

Ile kamba ya katani nilikuwa nimeitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Nikaitoa, nikapiga goti mbele yake, mbele ya wageni wote, goti langu la kushoto likilalamika.

"Vua viatu, Koplo."

Akavua, akapandisha suruali. Niliizungushia mguu wake wa kushoto, nikafunga fundo jipya. Nikahamia wa kulia. Kamba ikakutana sawasawa. Nikarudia, ikakutana tena. Nikamwambia hana kitu, ni hivi viatu vyake vipya vinavyobana, na chumba kizima kikaangua kicheko, naye Ombati akacheka mpaka akapangusa macho.

Nilifurahi, Mungu ni shahidi yangu. Nilifurahi mpaka nikashindwa kuinuka upesi. Na kwa kuwa nilikuwa bado pale chini, niliitazama miguu yake, miwili, laini, iliyo sawa. Wangu wa kushoto haujarudi kama mwenzake, na daktari ameniambia hautarudi. Wivu ukanipanda palepale, mzima, wa zamani, ninaoujua. Nikamwambia Ombati kwamba zile kurasa za Ekegusii nitaziandika. Halafu nikainuka, nikatoka nje, nikaanza kutembea.